Baga au samaki? Namna ya kuchagua ukiwa kwenye mgahawa wa samaki Mtwara

Kaa jioni kwenye mgahawa wowote wa Shangani, Mtwara, wakati maji yanakupwa, uombe menyu. Utakuta ukurasa mzima wa samaki, pweza, ngisi na kamba, na mwishoni kabisa, karibu na chipsi kuku na chipsi mayai, kuna baga. Ipo ya nyama, ipo ya kuku, na siku hizi baadhi ya sehemu wameongeza ya samaki. Wanaoiangalia wakasita ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna mgeni aliyechoka na safari, kuna mtoto asiyetaka miiba, na kuna mwenyeji ambaye nyumbani kala samaki wiki nzima na leo ametoka ili ale kitu kingine. Wote wanajiuliza kama ni busara kuagiza baga mahali ambapo watu wanafuata samaki.

Mimi naamua kwa kuangalia kitu kimoja: jiko lile linatoa nini kwa wingi. Kinachoagizwa na watu wengi hununuliwa kila siku na kupikwa na mkono uliozoea. Kinachoagizwa mara mojamoja hukaa kwenye friza kikisubiri mteja. Kwa hiyo jibu hubadilika kwa msimu, kwa siku, na hata kwa mgahawa mmoja na wa jirani yake. Hapa nalinganisha vitu vitatu: baga ya nyama ya ng'ombe, baga ya samaki, na samaki au pweza mwenyewe. Baga ya kuku naiacha, maana mara nyingi ni kuku wa kukaanga aliyewekwa kwenye mkate, na mgahawa unaokaanga kuku vizuri hautaiharibu.

Baga ya nyama

Baga inataka mafuta. Marekani, ambako chakula hiki kilikulia, kipimo kinachopendwa ni nyama sehemu nne na mafuta sehemu moja, yaani mafuta asilimia 20. Mafuta hayo huyeyuka taratibu nyama inaposhika moto, na ndiyo yanayoifanya iwe laini na yenye mchuzi. Ng'ombe wetu wengi ni wa kienyeji, wale wa nundu, wanaotembea mbali kutafuta malisho, na nyama yao haina mafuta mengi ndani. Tena kusini huku ufugaji wa ng'ombe haujawahi kuwa mkubwa kama kanda ya ziwa au Umasaini. Mbung'o walihakikisha hivyo kwa vizazi vingi. Lindi ilianza kuona makundi makubwa ya ng'ombe baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na wengi wao kuelekea huku. Kwa hiyo nyama ipo na mabucha yapo, lakini ukisaga steki tupu ukaiweka kikaangoni, itatoka kavu na ngumu.

Wapishi wa pwani wana jibu lao la zamani. Baga nyingi utakazoletewa Mtwara na Lindi kwa kweli ni kababu iliyobanwa ikawa bapa: nyama ya kusaga, kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani, yai, na mkate uliolowekwa ukakamuliwa. Mkate ule hushika maji, nyama isikauke. Baga ya Kimarekani hutiwa chumvi na pilipili manga tu, na anayeitaka hiyo ataona hii ya kwetu imejaa viungo. Mimi naipenda. Mkono uliopika kababu za futari miaka nenda miaka rudi unajua nyama ya kusaga kuliko mpishi aliyejifunza baga kwenye simu juzi, na ningependa migahawa yetu iandike hivyo kwenye menyu bila kuona haya.

Mama mmoja mpishi aliniruhusu nisimame mlangoni mwa jiko lake nimwangalie. Alijipaka mafuta viganjani, akachukua tonge la nyama, akalitupa kutoka mkono huu kwenda ule mpaka likashikana, akalibana bapa, halafu akabonyeza katikati kwa dole gumba, pakabaki kishimo.

"Mama, hicho kishimo cha nini?"

"Nyama ikipata moto inajikunja, mwanangu. Pembeni inarudi ndani, katikati inavimba. Usipoibonyeza inakuwa duara, mkate unateleza juu yake."

"Na mafuta unaongeza?"

"Ya nundu. Bucha ananiwekea, namwambia asage pamoja."

Mafuta ya nundu ndiyo yanayoleta tofauti. Ukipata mgahawa ambao mpishi anakwambia anachanganya mafuta na nyama inasagwa siku hiyohiyo, agiza baga bila wasiwasi, hata kama meza zote zinakula changu.

Shida inakuja pale nyama ilipokaa. Kipande cha nyama kizima hubeba vijidudu juu ya ngozi yake ya nje, na moto wa kikaango unaviua haraka. Ukikisaga, cha nje kinaingia ndani, na hapo inabidi joto lifike mpaka katikati: kiwango kinachopendekezwa kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga ni nyuzi 71 za sentigredi. Mwaka 1993 baga ambazo hazikuiva ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue Marekani, na watoto wanne walifariki, kwa sababu ya bakteria wa aina ya E. coli. Kwa hiyo ile habari ya "nipikie isiive sana" tuiachie steki nzima. Baga ikikatwa katikati ukaona wekundu, irudishe jikoni, iongezwe moto. Hakuna mpishi wa maana atakayechukia.

Swali la kumuuliza mhudumu ni jepesi: "Dada, nyama ya baga mmesaga lini?" Akikwambia asubuhi, vizuri. Akikwambia ipo kwenye friza, uliza kama umeme umekatika siku mbili hizi. Nyama ya kusaga iliyoyeyuka ikagandishwa tena haifai kuliwa na mtu unayempenda. Zile zinazotoka kiwandani zikiwa zimekatwa tayari na kugandishwa hazina ubaya zikikaa kwenye baridi muda wote, ila ladha yake ni moja popote nchini, na hujasafiri mpaka Mtwara kwa ajili hiyo.

Samaki, na bahari yenyewe

Menyu haibadiliki mwaka mzima, lakini bahari inabadilika. Hili wageni wengi hawaambiwi, na ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi wako kuliko kitu kingine.

Kaskazi, kuanzia kama Novemba au Desemba mpaka Machi, bahari hutulia. Ngalawa na mitumbwi inafika mbali, na asubuhi kwenye soko la samaki la Feri kuna kila kitu: changu, tasi, kolekole, nguru, jodari, vibua. Wakati huo sioni sababu ya mtu mzima mwenye meno yake kuagiza baga ya nyama kando ya bahari. Samaki aliyevuliwa alfajiri, akapasuliwa, akapakwa ndimu, chumvi na pilipili, akawekwa kwenye mkaa mpaka ngozi ikaanza kubabuka, hana mpinzani kwenye menyu ile. Omba umwone kabla hajapikwa. Macho yawe yamejaa na kung'aa, mashavu ndani yawe mekundu, na ukimbonyeza nyama irudi. Mgahawa unaojiamini utakuletea sinia uchague mwenyewe.

Kusi ni habari nyingine. Kuanzia Aprili au Mei upepo unageuka, na katikati ya mwaka, Juni na Julai, unavuma kwa nguvu. Wenye vyombo vidogo wanakaa pwani siku nyingi, samaki wanapungua, bei inapanda, na yale majina yote kwenye menyu yanaweza kuwa yanatoka kwenye friza. Samaki aliyegandishwa polepole kwenye friza ya kawaida huharibika nyama yake: barafu inayojitengeneza ndani inapasua nyuzi, akiyeyuka maji yanatoka, akipikwa anakuwa mkavu na kuchambuka. Katika siku kama hizo baga ya kababu iliyosagwa asubuhi ni chaguo bora kuliko changu wa friza, na ninasema hivyo nikiwa mtu wa samaki.

Pweza ana hesabu yake mwenyewe. Wengi wao hapa hawavuliwi kwa chombo. Watu, na wanawake ni wengi, hutembea juu ya miamba kwa miguu maji yakikupwa sana, wakiwa na kijiti au chuma cha kuchokolea mashimoni. Hiyo ni bamvu, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Maji mafu yakiingia, miamba haionekani, na pweza wanaadimika. Kwa hiyo ukitaka pweza wa siku hiyo angalia mwezi. Ukikosea si hasara kubwa, kwa sababu pweza ni tofauti na samaki: kugandishwa kunamlainisha. Zile nyuzi ngumu ambazo barafu inazipasua ndizo ambazo mpishi angezipiga na kuzichemsha muda mrefu. Basi kusi ikiwa kali na hutaki nyama, mshikaki wa pweza au supu yake ni salama kuliko samaki mzima wa friza.

Na ukiletewa pweza mdogo sana, sema. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza chini ya gramu 500. Vijiji kadhaa vya pwani ya Lindi, Songosongo kikiwemo, vimekuwa vikifunga baadhi ya miamba kwa miezi ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Watu wanaovumilia kiasi hicho wanastahili mteja anayekataa kitoto cha pweza kwenye sahani.

Baga ya samaki

Hapa ndipo migahawa yetu ingeweza kuishinda miji mikubwa, na ni wachache waliokwishaligundua hilo.

Wazo lenyewe lina historia nzuri. Mwaka 1962 Lou Groen, aliyeendesha mgahawa wa McDonald's mjini Cincinnati katika eneo lenye Wakatoliki wengi, aliona Ijumaa za Kwaresima wateja wanakimbia kwa sababu hawali nyama. Akatengeneza mkate wenye samaki wa kukaanga. Ray Kroc, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alikuwa na wazo lake la kuweka nanasi mahali pa nyama. Vyote viwili vikajaribiwa kwa wateja siku moja, samaki akashinda. Kule duka la nyama liliingiza samaki ili lisipoteze watu. Kwetu mgahawa wa samaki umeingiza nyama kwa sababu hiyohiyo, na dawa ya pande zote mbili ni mkate mmoja wenye samaki ndani. Wakatoliki wa Mtwara, Ndanda na Masasi wana Ijumaa hizohizo, na Kwaresima kwa kawaida huangukia kati ya Februari na Aprili, kabla kusi halijashika kasi. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi mwambao huu, samaki hana suala la kuchinjwa, hivyo mgeni asiyejua mgahawa unatumia bucha lipi anakula kwa amani.

Ila samaki wa baga si samaki yule wa sinia. Changu na tasi, ambao ndio utamu wa miamba yetu, wana miiba mingi na nyama ndogo. Hao waliwe wazima, kwa vidole, bila haraka. Ndani ya mkate anaingia samaki mkubwa, wa kukatwa mnofu: nguru, kolekole, chewa, jodari. Ukiletewa kitu chenye umbo la mstatili kamili, chenye unga mwingi na ladha ya mafuta, jua kimetoka kwenye boksi.

Jodari ndiye ninayemsifia zaidi. Mnofu mnene kama unene wa kidole gumba, chumvi, ndimu, pilipili manga iliyotwangwa kwa kukwaruza, kikaango cha moto mkali, dakika mbili upande mmoja na mbili upande wa pili. Nje unakuwa wa kahawia, ndani unabaki na unyevu. Juu yake kachumbari iliyokamuliwa maji, na kijiko cha pilipili ya ukwaju. Ukiuma, unapata kitu kilichoshiba kama nyama ya ng'ombe bila uzito wake. Mpishi akimwacha motoni dakika kumi, anakuwa kama ubao na hakuna mayonezi itakayomwokoa, kwa hiyo mwambie mhudumu mapema: asikaushwe.

Upo uangalifu mmoja ambao hautakiwi kupuuzwa. Jodari, nguru na vibua, wakikaa kwenye joto bila barafu, nyama yao hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kupikwa, hata umkaange vipi. Dalili huja haraka: mdomo unawasha kama umekula pilipili ambayo haipo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, tumbo linachafuka. Ukiuma kipande cha kwanza ukahisi mwasho usioeleweka, acha palepale. Kwa hiyo baga ya jodari ni ya siku ambayo jodari ameshushwa na kuwekwa kwenye barafu. Akiwa amelala juzi kwenye beseni, ni afadhali nyama.

Mkate, chipsi, muda na bei

Mkate huharibu baga nyingi kuliko nyama. Uliookwa asubuhi, ukifika saa mbili usiku umeshaanza kukauka. Omba upashwe moto kikaangoni, upande wa ndani, na siagi kidogo. Kachumbari isipokamuliwa mkate unalowa na kusambaratika mkononi. Kuhusu chipsi, viazi mviringo vinasafiri kutoka Njombe, Iringa na Mbeya, wakati muhogo unalimwa hapahapa. Muhogo wa kukaanga, wa moto, wenye pilipili na chumvi, ukae na baga au na samaki, kwangu unashinda viazi vilivyochoka na safari.

Kwa muda, baga ya nyama ni ya haraka zaidi, ya samaki inaifuata kwa karibu, na samaki wa mkaa ni wa subira: mkaa uwashwe, samaki aparuliwe, aive taratibu. Mwenye gari la saa fulani aagize baga, au apige simu mapema. Kwa bei, baga ina bei moja iliyoandikwa, samaki bei yake inafuata ukubwa na msimu, na kamba kochi yupo juu ya wote. Uliza bei ya samaki uliyemchagua kabla hajaingia motoni; hiyo inaondoa maneno wakati wa kulipa.

Basi uagize nini

Ukiwa na watoto wadogo, agiza baga ya nyama iliyoiva mpaka ndani, au ya samaki wa mnofu uliokwishapitiwa kwa vidole kuondoa miiba. Changu mzima mezani na mtoto wa miaka minne ni kazi ya mzazi kutokula. Mjamzito apate samaki wa miamba aliyevuliwa siku hiyo, mdogo, aliyeiva vizuri. Papa na samaki wakubwa wanaokula wenzao hubeba zebaki nyingi zaidi, wasiwe chakula chake cha kila mara.

Mgeni wa siku moja, akija kaskazi, asipoteze mlo wake kwa baga ya nyama. Ale samaki wa mkaa na wali wa nazi. Akija Julai, upepo ukiwa unapeperusha vitambaa vya meza, aulize kwanza nini kimeshuka Feri asubuhi. Kama hakuna, kababu ya ndani ya mkate au mshikaki wa pweza.

Wa hapahapa anayekula samaki nyumbani kila siku, mimi namwelekeza kwenye baga ya jodari kwanza, kisha ya nyama. Msimu wa korosho, kuanzia kama Oktoba, ndio wakati mzuri wa kujaribu ya nyama: mji unajaa wanunuzi, madereva na wakulima wenye hela mkononi, baga zinatoka kwa wingi, na nyama hailali kwenye friza.

Na mkiwa wawili, agizeni samaki mmoja wa mkaa na baga moja, mwombe mhudumu baga ije kwanza ikiwa imekatwa nusu kwa nusu. Mtaila wakati samaki yuko kwenye mkaa, njaa itapungua, na hakuna atakayekwenda jikoni kumharakisha mpishi.